Tundu la dakika ya 80 huzibwa dakika ya 5: matundu na sadfa katika filamu

Kwenye banda la video, uongo mkubwa haupigiwi kelele. Steringi akiruka kutoka ghorofa ya nne akatua kwa miguu yote miwili, watu wanapiga makofi. Kelele huanza kwenye jambo dogo. Simu ya steringi imezimika kwa kukosa chaji, tumemwona mwenyewe akiitupa kitandani kwa hasira; sini mbili baadaye, bila kupita popote penye umeme, simu ileile inaita. Hapo utasikia "Aaah, hapo wametudanganya!", na mtu wa benchi la nyuma anaanza kumweleza jirani yake kwa nini haiwezekani.

Mtu huyo ana haki, na anajua jambo ambalo watunzi wengi hulisahau. Kuruka ghorofani ni sheria iliyotangazwa na filamu tangu dakika ya kwanza: katika dunia hii watu wanaruka na hawavunjiki. Ukikubali kukaa kutazama umeikubali, kama anayeitikia "hadithi njoo" anavyokubali kwamba sungura atasema. Simu ni habari nyingine. Filamu yenyewe ndiyo iliyotuambia imezimika, na ilitaka tuamini hivyo ili tuone steringi amebaki peke yake. Kisha ikavunja kiapo chake.

Hilo ndilo tundu la hadithi: filamu kujipinga yenyewe. Kasoro nyingine nyingi zinaitwa tundu lakini hazistahili jina hilo, na kuzichanganya ndiko kunakofanya mabishano ya filamu yasiishe.

Kuna kosa la uhalisia, pale filamu inapoipinga dunia ya nje. Mgogoro wa umiliki wa shamba unasikilizwa na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, hukumu inatoka jioni. Tanzania, Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi, lakini mzozo wa nani mwenye ardhi una njia yake: usuluhishi kwenye Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtazamaji wa Nairobi hataona kasoro. Mtazamaji wa Dodoma aliyewahi kukaa kwenye benchi la baraza akisubiri jina lake liitwe ataiona mara moja, na kuanzia hapo hamsikilizi tena mwigizaji. Ni kosa, lakini hadithi yenyewe haijavunjika. Badilisha kibao cha mlangoni na tarehe mbili, imepona.

Kuna kosa la mwendelezo: glasi imejaa, imepungua, imejaa tena, khanga ya bluu imekuwa ya kijani mtu alipogeuka. Haya huumiza mafundi kuliko watazamaji. Kuna pia swali lililoachwa wazi kwa makusudi, kama filamu inayoisha bila kusema mama alirudi au hakurudi. Hilo ni haki ya mtunzi.

Halafu kuna sadfa, na hapa ndipo penye kazi. Sadfa haipingi kitu. Kila kinachotokea kinawezekana kabisa. Shida ni kwamba kimetokea saa ileile kilipohitajika. Waliosoma fasihi sekondari wanalijua neno hili kwenye orodha ya mbinu za kisanaa, limewekwa pamoja na taharuki na mbinu rejeshi kana kwamba ni kifaa kizuri wakati wote. Sadfa ni mkopo. Kuna mahali mtazamaji anakukopesha kwa moyo mweupe, na kuna mahali anaona umemwibia.

Tutumie filamu ya mfano, ambayo tumeitunga kwa ajili ya makala hii tu. Nyemo ni binti wa mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Baba yake anafariki mwishoni mwa Februari, zabibu zikiwa zimeiva shambani. Tanga halijaisha vizuri, baba yake mdogo, Chilewa, anatoa karatasi: marehemu alimuuzia shamba lote tarehe 14 Februari, hapohapo Mpunguzi, mbele ya mashahidi wawili. Nyemo anajua ni uongo lakini hana la kuonyesha. Anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta wakili. Kiti cha pembeni amekaa mzee ambaye, kabla basi halijafika Gairo, anafungua moyo: yeye ndiye aliyelipwa kuiandika karatasi ile, na dhamiri inamsumbua. Dar es Salaam Nyemo anatishwa kwa simu na mtu asiyejulikana, na mtu mwingine asiyejulikana anamtumia pesa ya nauli. Anarudi usiku, anawahi baraza saa 3 asubuhi, karatasi inakataliwa. Chilewa anakimbia, na pale Nzuguni karibu na stendi kuu anagongwa na lori.

Filamu hii inaweza kupendeza sana. Mpe Nyemo mwigizaji mwenye macho yanayosema, weka zeze na ilimba kwenye sini ya mazishi, piga picha za shamba asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, watu watalia. Na bado wakitoka nje mtu atauliza: "Yule mzee wa kwenye basi, hivi kweli?"

Kwa nini mzee wa kwenye basi anaudhi? Si kwa sababu haiwezekani. Barabara ya Dodoma kwenda Dar es Salaam imekutanisha watu wengi kuliko hao. Anaudhi kwa sababu amemfanyia Nyemo kazi yake. Tulikuwa tumeanza kumhesabia: binti huyu atafanya nini, ana akili gani, ana ujasiri kiasi gani? Jibu likawa: alikata tiketi. Kati ya viti zaidi ya 50 akapewa kile kimoja.

Linganisha na filamu ambayo familia nyingi huitazama kila Krismasi, Home Alone ya mwaka 1990. Mwanzo wake umejaa sadfa tupu. Upepo unakata umeme usiku, saa za kengele zinapoteza muda, familia inachelewa kuamka. Mtoto wa jirani anajipenyeza kwenye magari na anahesabiwa kama mmoja wao. Tiketi ya Kevin, mtoto wa familia hiyo, ilishatupwa jana yake pamoja na makaratasi yaliyolowa. Bahati mbaya tatu nne zimepangwa mstari mmoja ili mtoto asahaulike nyumbani, na hakuna anayelalamika, kwa sababu zote zinamtia mtoto matatani. Sadfa inayoleta shida ni mwanzo wa hadithi. Sadfa inayoondoa shida ni mwisho wa hadithi kabla ya wakati wake.

Na mwishoni mwa filamu hiyohiyo Kevin anaokolewa na mzee wa jirani anayetokea ghafla na sepetu lake la theluji. Hiyo pia ni sadfa, tena ya kuokoa. Mbona inakubalika? Kwa sababu mzee huyo tulishaonyeshwa mapema akiwa na sepetu hilohilo, watoto wakimwogopa. Kisha Kevin alikaa naye kanisani, wakazungumza, hofu ikaisha. Anapotokea mlangoni tunahisi kwamba yale mazungumzo yamezaa matunda. Mtoto aliyeendelea kumkimbia asingeokolewa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitoa mfano unaofanana: sanamu ya Mitys kule Argos ilimwangukia mtu aliyemuua Mitys, naye akafa. Sanamu haina mkono wala hila, lakini tukio hilo halionekani kuwa la bure. Sadfa yenye sura ya haki hupendeza kuliko sadfa tupu. Ndiyo maana lori la Nzuguni halitoshi: lingeweza kumgonga yeyote. Lingekuwa lori lililobeba zabibu za shamba alilodhulumu, tungenyamaza kidogo.

Sasa turudi kwa Nyemo tumwondoe yule mzee kwenye basi. Mtunzi mwenye haraka huongeza maelezo palepale: mzee anasema "mwanangu, nilikuwa nakutafuta, nikasikia unasafiri leo." Hilo linaongeza tundu jingine (alisikia kwa nani?) na linayavuta macho ya mtazamaji kwenye kidonda. Tundu haliwezi kuzibwa mahali linapoonekana. Huzibwa nyuma yake, mbali kadiri inavyowezekana, kwenye sini ambayo mtazamaji bado hajui anauziwa nini.

Swali la kwanza: Nyemo anahitaji nini hasa? Hahitaji mzee mwenye toba. Anahitaji kuonyesha kwamba tarehe 14 Februari baba yake hakuwepo Mpunguzi. Basi baba alikuwa wapi? Alikuwa msibani Kondoa, karibu kilomita 160 kaskazini, alikokwenda tarehe 13 na kurudi tarehe 15, kwa sababu mtu wa heshima haachi matanga siku ya maziko. Na msibani kuna kitu ambacho kila Mtanzania anakijua: daftari la rambirambi. Kaunta buku lenye jalada gumu, mistari iliyopigwa kwa rula, safu ya jina, safu ya kiasi, safu ya ahadi kwa wale waliosema watatoa baadaye.

Kwa hiyo filamu ifunguke msibani Kondoa. Baba yu hai. Jioni, chini ya turubai, Mzee Ndahani anaandika majina, na Nyemo amemshikia tochi ya simu. Baba anatoa 20,000. Nyuma yake anakuja Chilewa, anapapasa mifuko, anasema "Mzee, niandikie ahadi." Mzee Ndahani ni mkali wa utaratibu, anamgeuzia daftari: "Ahadi inasainiwa, baba. Na tarehe." Watu wanacheka chini kwa chini. Chilewa anasaini. Nyemo, bado na tochi mkononi, anamwangalia baba yake mdogo kwa aibu.

Itazame sini hiyo kwa karibu, maana ufundi wote umo humo. Inafanya kazi tatu za papohapo: inatuonyesha ukarimu wa baba, ubahili wa Chilewa, na mapenzi ya Nyemo kwa ukoo wake. Mtazamaji ameshiba, hajiulizi kwa nini ameonyeshwa. Daftari limepita mbele ya macho yake kama kitu cha kawaida cha msibani. Dakika ya 80, Nyemo anapoisoma tarehe kwenye karatasi ya mauzo kwa mara ya kumi, mtazamaji anaweza kukumbuka sekunde moja kabla yake au sekunde moja baada yake. Hizo sekunde mbili ndizo anazozilipia. Na sahihi ya Chilewa kwenye safu ya ahadi, tarehe ileile, inamfunga yeye mwenyewe: hawezi kusema alikuwa Mpunguzi akinunua shamba, wakati kwa mkono wake ameandika kuwa alikuwa Kondoa akikosa shilingi. Lori halihitajiki tena. Ubahili wake umetosha.

Kanuni ya kupanda kitu mapema ni hiyo: siku kinapoonekana kwa mara ya kwanza lazima kiwe na kazi nyingine. Kisu kinachoonyeshwa mezani kwa karibu, muziki ukipanda, bila mtu kukata nyanya, kimeshatoa siri. Na kionyeshwe mara moja au mbili. Mara tatu, watoto wa mstari wa mbele watakutangulia kusema. Umbali pia una maana. Kitu kilichopandwa sini moja kabla ya kutumika ni sawa na kutokupanda.

Sadfa ni shida ya kutunga. Tundu halisi, kwa kawaida, ni shida ya kuweka kumbukumbu, na dawa yake ni karatasi. Skripti ya filamu ndefu ina kurasa 90 mpaka 110, ukurasa mmoja ukikaribia dakika moja, na sini 50 mpaka 80. Hakuna kichwa kinachobeba hayo yote. Matundu makubwa huzaliwa katika mambo matatu: nani anajua nini, kitu kiko mikononi mwa nani, na ni saa ngapi.

La kwanza ndilo baya kuliko yote na ndilo linalosahaulika zaidi. Chora jedwali. Kushoto, namba za sini. Juu, majina ya wahusika wakuu watano au sita, wasizidi. Katika kila kisanduku andika mambo mawili: mhusika amejua nini kipya hapa, na amekijua kwa njia gani, ameona, ameambiwa, au amekisia. Kisanduku chenye "amejua" bila "kwa njia gani" ndilo tundu. Katika filamu yetu, sini ya 31 Chilewa anamwambia Nyemo kwa ukali, "Hata huyo wakili wako wa Kariakoo hatakusaidia." Jedwali linasema habari ya wakili waliijua Nyemo na mama yake peke yao. Mtunzi alijua, kwa hiyo akadhani kila mtu anajua. Unaweza kulifuta neno "Kariakoo". Unaweza pia kuliacha na kujiuliza nani alimwambia. Ukigundua ni mama, kwa hofu ya kugombana na shemeji yake, umepata sini nzuri kuliko zote ulizokuwa nazo. Tundu likikaguliwa mapema huzaa hadithi. Likigunduliwa baada ya kupiga picha huzaa gharama tu.

Jedwali hilo linafichua pia ugonjwa mmoja wa filamu zetu: kusikiliza mlangoni. Maadui wawili wamekaa sebuleni wakiambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua ("Si unakumbuka ndugu yangu, sisi ndio tuliogushi ile karatasi"), na steringi kwa bahati amepita dirishani wakati huohuo. Hapo kuna sadfa na kosa la uhalisia kwa pamoja: watu hawazungumzi hivyo, na mpitaji hafiki kwa saa hiyo. Kama ni lazima asikie, basi maadui wagombane. Watu wanaogombania mgawo hutaja makosa ya zamani bila kulazimishwa, na sauti zao hupanda zikamfikia mtu aliyekuja kwa sababu zake mwenyewe, ambaye tulishaonyeshwa akija.

Jambo la pili, kitu. Orodhesha vitu vinavyobeba hadithi: hati, simu, funguo, bunduki, pete. Kila kimoja kipe mstari wake na fuata mikono. Hati iliwekwa kwenye sanduku la chuma sini ya 6. Nyumba ikaungua sini ya 17. Sini ya 22 Nyemo anaitoa mkobani. Tulikuwa wapi ilipohama? Mstari mmoja wa kalamu ungeonyesha. Simu iliyozimika ya mwanzoni mwa makala inapona kwa sekunde tano: mtoto wa jirani anaingia, "Dada Nyemo, simu yako nimeichomeka kwa Mama Juma kwenye sola, hela yake hujampa."

Simu, kwa kweli, ndiyo iliyoharibu mikasa mingi ya zamani, na mtunzi wa leo hana budi kuijua inavyofanya kazi Tanzania. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kwa hiyo "namba isiyojulikana" inayotisha watu wiki tatu mfululizo inamtaka mtunzi aseme laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani na kwa nini polisi hawajaulizwa. Pesa iliyotumwa kwa simu inafika na jina la mtumaji kwenye ujumbe. "Msamaria asiyejulikana" aliyemtumia Nyemo nauli hawezi kubaki asiyejulikana hata dakika moja, labda atumie laini ya mtu mwingine. Weka kijana wa kubeba mizigo sokoni Majengo aliyeombwa atume kwa laini yake, kisha Nyemo aipigie namba hiyo. Amepata uzi wa kuufuata, na anaufuata kwa akili yake.

Mambo mengine ya aina hii, tuyataje kwa haraka, mwongozaji aliye makini huyauliza kabla ya kupiga picha. Majeruhi wa kisu akifika hospitali ataulizwa fomu ya polisi, PF3. Ndoa inatanguliwa na taarifa ya siku 21 kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa hiyo waliokutana Jumatatu hawafungi Ijumaa bila maelezo. Kipimo cha vinasaba kina sheria yake ya mwaka 2009 na maombi yake hupita kwa watu waliotajwa humo. Mama mkwe hapeleki unywele maabara asubuhi akarudi na bahasha jioni.

Jambo la tatu ni saa, na hapa jiografia ya kanda ya kati haina huruma. Kila sini ipewe siku ya hadithi (siku ya 1, ya 2, ya 3), saa, na nguo za kila mhusika. Kisha pima safari. Nyemo amepigiwa simu saa 2 usiku akiwa Dar es Salaam. Baraza ni saa 3 asubuhi Dodoma. Ni kama kilomita 450, na basi huchukua saa 8 au 9. Inatosha, kama kuna basi. Lakini hadithi ikiwa ya mwaka 2015 hakuna, kwa sababu mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kutembea usiku kucha mwaka 2023 tu. Hadithi ikiwa ya baada ya katikati ya mwaka 2024, mtazamaji atauliza mbona hakupanda treni ya mwendokasi, inayofika Dodoma kwa muda wa karibu saa 4. Jibu linaweza kuwa rahisi: ya mwisho imeshaondoka. Lakini mwaka wa hadithi uandikwe ukurasa wa kwanza wa skripti, na kila safari ikaguliwe nao. Kumbuka pia kwamba Dodoma jua linatua takriban kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 usiku mwaka mzima. Sini iliyoandikwa "saa 11 jioni, giza" haipo.

Mtu anaweza kusema tunawaonea watunzi. Matundu mengi hayatoki kwa mtunzi. Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Hupigwa kwa lokesheni, yaani mahali pa kupigia picha, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa filamu vinaweza kupigwa Jumanne moja, na mwigizaji analia msiba ambao bado hajaufahamu. Mhariri akikuta filamu ina saa 2 na dakika 20 anakata, na kinachokatwa kwanza ni sini "zisizo na tukio", ambazo mara nyingi ndizo zilizobeba maelezo. Enzi za DVD, filamu nyingi za Bongo ziligawanywa sehemu ya 1 na ya 2. Hadithi ya dakika 90 ikivutwa ifike 140 inahitaji mtu apotee na aonekane tena, na njia ya haraka ya kumrudisha mtu ni sadfa. Kwa hiyo mhariri anapokata, jedwali la "nani anajua nini" liwe mezani kwake. Kila sini inayotoka, isomwe kwanza imebeba nini.

Tundu likishapita lipimwe uzito kabla ya kuhangaika nalo. Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, alizungumzia tundu ambalo mtazamaji hulikumbuka akiwa ameshafika nyumbani, amefungua friji anatafuta kipande cha kuku. Hilo unaweza kuishi nalo. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993, hatua za mnyama mkubwa, dinosaria, zilitikisa maji kwenye glasi kabla hajaonekana. Mwishoni anaingia ndani ya jengo, na hakuna aliyemsikia mpaka ameshauma. Ni tundu, tena linapinga sini mashuhuri kuliko zote za filamu hiyo. Watu walishangilia, kwa sababu lilikuja kwenye kilele, kasi ikiwa juu, na walikuwa wanamtamani mnyama huyo arudi. Tundu lilelile dakika ya 30, watu wamekaa kimya wakifikiri, lingeua filamu. Jiulize: mtazamaji atalikuta akikimbia au amekaa? Na ukiliondoa tukio lile, hadithi inasimama? Ikisimama, liache.

Lisipowezekana kuachwa, kuna njia kwa mpangilio wa gharama. Kwenye skripti ni kalamu tu. Siku ya kupiga picha ni sentensi moja ya ziada mdomoni mwa mtu. Kwenye chumba cha uhariri ni sauti: tafuta picha ambayo mhusika amegeuka, au basi linakwenda na hatuoni mdomo wake, urekodi maneno yasiyozidi kumi na uyaweke hapo. Ili yasisikike kama redio, rekodi ukimya wa kila lokesheni, nusu dakika hadi dakika nzima, watu wote wamesimama kimya, siku ileile ya kupiga picha. Ukimya huo ndio unaolazwa chini ya maneno mapya. Wasioufanya hujuta.

Njia ya mwisho ni kurudi lokesheni, na Dodoma hapo ndipo inapokukamata. Sini za shamba zilipigwa Februari: mizabibu imebeba, mbuyu wa nyuma umejaa majani, ardhi ya kijani. Tundu limegunduliwa, mnarudi Julai. Mvua ziliisha Aprili. Mbuyu uko uchi, nyasi zimekuwa kahawia, upepo unapeperusha vumbi na khanga ya mwigizaji. Katika hadithi ni kesho yake. Usibishane na mbuyu. Msimamishe Nyemo ukutani, kwenye tofali za nyumba, kamera imkaribie mpaka mabegani. Mpige picha mchana penye kivuli ili rangi ya mwanga isitofautiane sana na ile ya masika. Funga pindo la khanga. Akitazama shamba, usilionyeshe. Tumia picha za Februari zilizobaki bila kutumika, hata sekunde 3 za majani yakitikisika. Chini yake laza sauti ya vyura uliyoirekodi mvua zilipokuwepo. Mtazamaji akisikia vyura, ataweka majani mwenyewe.